Sura ya 7: Mepo ya Kijapani, Kuipanda na Kuitunza

Mepo ya Kijapani ni mti mdogo wa bustani unaopendwa zaidi kwa majani yake kuliko maua au matunda. Watu wengi wanalijua jani la mepo kutokana na bendera ya Kanada, ambayo imekuwa nalo tangu mwaka 1965, lakini mepo za Kanada ni miti mirefu ya msituni. Mepo ya Kijapani, ambayo wanasayansi wanaiita Acer palmatum, mara nyingi huishia kati ya mita 5 na 8, na baadhi ya aina zake hazivuki mita 2 hata zikizeeka. Udogo huo ndio unaoifanya ifae kwa ua mdogo, kando ya baraza au kwenye chungu kikubwa.

Sifa ya mti huu kuwa ni dhaifu imezidi ukweli. Ukipandwa mahali pake, unaweza kuishi miaka mia na zaidi bila dawa na karibu bila mbolea. Sehemu kubwa ya mepo zinazokufa mapema huuawa na mambo manne yanayoepukika: jua kali la alasiri, maji yanayotuama, kupandwa kwa kina kupita kiasi, na kupogolewa ovyo. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtunzaji ni kuamua vizuri kabla ya kushika jembe, kisha kuuacha mti ukue kwa mwendo wake.

Asili na tabia ya mti

Kwao mepo hii ni Japani, Korea na mashariki mwa China. Huota kwenye miteremko ya milima chini ya miti mirefu zaidi, ambako jua hupenya kwa vipande, hewa ina unyevu, na ardhi imefunikwa na majani yaliyooza ya miaka mingi. Karibu kila kanuni ya kuitunza inatokana na mazingira hayo. Mizizi yake haiendi chini sana, bali husambaa karibu na uso wa ardhi ikitafuta unyevu kwenye tabaka la majani yaliyooza. Gome lake ni jembamba, na majani yake ni laini, hivyo huungua upesi upepo mkavu unapovuma.

Majani hukaa mawili mawili, moja likielekeana na jingine kwenye tawi, na kila moja limegawanyika kama vidole vya kiganja, kwa kawaida vitano au saba. Matunda nayo huja mawili mawili, kila moja likiwa na bawa. Yakikauka huachia na kuzunguka hewani, na upepo huyapeleka mbali na mti mama.

Katika majira ya kupukutika, siku zinapofupika, mti huanza kuziba njia za utomvu kwenye kikonyo cha jani. Klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa nguvu za jua, huvunjika, na sehemu ya virutubisho vya jani hurudishwa matawini. Rangi ya manjano, ambayo muda wote ilikuwa imefunikwa na kijani, huonekana. Nyekundu ni habari nyingine: hutengenezwa wakati huohuo kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na jina lake ni anthosianini. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huleta wekundu mkali, na mwaka wa mawingu na joto huleta rangi iliyofifia. Mti uliokaukiwa na maji katika majira ya joto hukunja majani na kuyaangusha kabla hayajabadilika, na rangi ya mwaka huo hupotea yote.

Baada ya hapo mti hulala. Usingizi huo si wa hiari: bila wiki nyingi za baridi, vichipukizi vyake havifunguki vizuri. Ndiyo sababu mepo haifai Mombasa, Dar es Salaam wala Zanzibar. Hata kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako usiku una baridi, urefu wa mchana karibu na ikweta haubadiliki vya kutosha kuupa mti ishara ya kulala, na baridi yenyewe haidumu. Bustani zinazoufaa ni za Japani yenyewe, za Ulaya ya magharibi, na za sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini. Matawi ya mti uliokomaa na kulala vizuri huvumilia hata nyuzi 20 chini ya sifuri.

Aina na kuchagua mche

Wajapani wameikuza mepo kwa karne nyingi, na kilimo chake kilistawi hasa katika kipindi cha Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, pale wenye vitalu walipochagua na kuzipa majina mamia ya aina. Daktari Msweden, Carl Peter Thunberg, aliyefika Nagasaki mwaka 1775 akiwa mtumishi wa kampuni ya Waholanzi, ndiye aliyeutambulisha mti huu kwa wataalamu wa mimea wa Ulaya, na kitabu chake Flora Japonica kilitoka mwaka 1784. Miche ya kwanza ilifika Uingereza mwaka 1820. Leo aina zenye majina zimepita elfu moja. Kitabu cha J. D. Vertrees wa Oregon, Marekani, kilichotoka mwaka 1978, kilisaidia sana kupanga majina hayo kwa wasomaji wa Kiingereza.

Anayechagua hahitaji kujua majina elfu. Inatosha kuelewa makundi machache.

Kundi la kwanza ni mepo za kijani zinazokua kwenda juu. Hizi ndizo ngumu kuliko zote na zinamfaa anayeanza. 'Osakazuki' ina majani makubwa ya kijani yanayogeuka mekundu ya moto majira ya kupukutika. 'Sango-kaku' hupendwa kwa ajili ya matawi yake machanga, ambayo huwa mekundu ya marijani wakati wa baridi, majani yakiwa yamekwisha kuanguka.

Kundi la pili ni za zambarau au nyekundu iliyoiva, kama 'Bloodgood', ambayo hubaki na rangi hiyo sehemu kubwa ya majira ya joto. Hizi zinahitaji jua zaidi kidogo. Zikiwekwa kwenye kivuli kizito, wekundu hugeuka kuwa kijani kilichochafuka.

Kundi la tatu ni za majani yaliyochanika vipande vyembamba mithili ya nyuzi. Nyingi huinamisha matawi na kufanya umbo la kuba lisilozidi mita 2 au 3, kama 'Crimson Queen'. Chache husimama wima, na inayojulikana zaidi kati ya hizo ni 'Seiryu'. Majani haya membamba hukauka ncha upesi kuliko mengine.

Kundi la nne ni za majani yenye mabaka meupe au ya waridi, kama 'Ukigumo' na 'Butterfly'. Sehemu nyeupe haina klorofili na haistahimili jua, kwa hiyo mti huu huhitaji kivuli kwa sehemu kubwa ya siku.

Kwa kawaida aina hizi hubebeshwa juu ya shina la mepo ya kawaida, na alama ya kiungo huonekana sentimita chache juu ya udongo. Mnunuzi anapaswa kuitazama alama hiyo kwanza. Kiungo kizuri ni laini, hakina ufa, na pande zake mbili zinalingana unene. Kisha mche utolewe kwenye chungu chake: mizizi mizuri ni myembamba, mingi, ya rangi ya krimu au kahawia hafifu, na ina harufu ya udongo wa msituni. Mizizi myeusi yenye kuteleza na harufu mbaya imeoza. Mizizi minene inayozunguka chungu mara kadhaa ni dalili kwamba mche umekaa humo miaka mingi, na itakuja kulikaba shina isipokatwa. Mche mdogo wenye mizizi mizuri hupita mche mkubwa wenye mizizi iliyojiviringa ndani ya misimu michache.

Mahali pa kupanda

Mahali bora ni pale panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa saba au saa nane mchana. Upande wa mashariki wa nyumba hufaa, na vilevile chini ya miti mikubwa yenye kivuli chepesi. Katika nchi zenye majira ya joto ya upole, kama Uingereza na Uholanzi, aina nyingi huvumilia jua la siku nzima mradi udongo usikauke. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, jua hilohilo huunguza majani kuanzia Julai.

Upepo huumiza kuliko jua. Upepo mkavu hunyonya maji ya jani kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha, na kingo za jani huwa za kahawia na kujikunja. Ua wa miti, ukuta wenye nafasi za kupitisha hewa au kundi la vichaka upande unakotoka upepo hutosha kuzuia hilo. Karibu na bahari, upepo wenye chumvi huleta madhara yaleyale.

Bonde dogo ambamo hewa baridi hujikusanya usiku ni mahali pabaya. Mepo huchipua mapema, na jalidi ya alfajiri mwezi wa Aprili inaweza kuyafanya majani yote mapya kuwa meusi kwa usiku mmoja. Mti wenye afya hutoa majani mengine baada ya wiki chache, lakini hutumia akiba yake, na ukipatwa hivyo miaka miwili mfululizo hudhoofika.

Udongo unaofaa ni tifutifu, wenye mboji nyingi, unaopitisha maji na wenye uchachu kidogo, yaani pH ya kati ya 5.5 na 6.5. Ili kujua kama maji yanapita, huchimbwa shimo la kina cha sentimita 30, hujazwa maji, huachwa yaishe, kisha hujazwa tena. Kama maji ya mara ya pili bado yamo siku inayofuata, mepo isipandwe hapo isipokuwa juu ya tuta lililoinuliwa. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu mti unashindwa kuchukua madini ya chuma.

Historia ya kiwanja nayo ina uzito. Ardhi iliyolimwa viazi, nyanya au stroberi huweza kuwa na kuvu ya Verticillium, adui mkubwa wa mepo anayeelezwa mwishoni mwa sura hii. Ni salama zaidi kuchagua mahali pengine.

Kupanda

Mche wa kwenye chungu unaweza kupandwa wakati wowote ardhi isipoganda, lakini majira mawili ni bora. Penye baridi ya wastani, mwanzo wa majira ya kupukutika hufaa, kwa kuwa udongo bado una joto na mizizi hupata muda wa kushika kabla ya kulala. Penye baridi kali, ni afadhali kungoja mwanzo wa majira ya kuchipua.

Shimo linapaswa kuwa na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini kina chake kisizidi kimo cha donge lenyewe. Ukilizidisha kina na kurudishia udongo laini chini, udongo huo utashuka baada ya mvua na mti utazama pamoja nao. Kabla ya kuuweka mti, udongo wa juu wa donge hukwanguliwa kwa vidole mpaka ionekane sehemu ambayo shina linaanza kupanuka na kuwa mizizi. Vitalu vingi hufukia sehemu hiyo bila kukusudia wakati wa kuhamisha miche. Sehemu hiyo ndiyo inayotakiwa kulingana na uso wa ardhi, au kuwa juu yake kwa sentimita 2 au 3, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi. Shina lililofukiwa hupumua kwa shida, gome lake huoza taratibu, na mti huonyesha unyonge baada ya miaka mitano au sita, wakati mwenyewe amekwisha sahau ulivyopandwa.

Mizizi inayozunguka donge hunyooshwa kwa mkono au kukatwa kwa kisu kikali pande tatu au nne. Shimo hujazwa udongo uleule uliotoka humo. Kulijaza mboji tupu hakusaidii, kwa maana mizizi hubaki ndani ya shimo laini badala ya kutoka nje, na shimo la namna hiyo lililozungukwa na mfinyanzi hukusanya maji. Mboji itandazwe juu ya ardhi, kama inavyokuwa msituni. Udongo hugandamizwa kwa mikono na kumwagiliwa mpaka ukae. Kijiti cha kuushikilia mti hakihitajiki ila penye upepo mwingi, na kiondolewe baada ya mwaka mmoja.

Maji, matandazo na mbolea

Miaka miwili au mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuangalia maji kwa makini. Mti mpya humwagiliwa mara moja au mbili kwa wiki kusipokuwa na mvua, kwa maji mengi yanayozama taratibu, badala ya kunyunyiziwa kidogo kila siku. Kipimo cha kuaminika ni kidole: udongo ukiwa mkavu kwa kina cha sentimita 5, ni wakati wa kumwagilia, ukiwa na unyevu, tungoje. Majani yaliyonyong'onyea kwenye udongo uliolowa yanaeleza kwamba mizizi inakosa hewa, na kuongeza maji hapo ni kuuua mti.

Matandazo ya vipande vya magome, majani yaliyooza au mboji iliyoiva huwekwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mti mpaka mwisho wa matawi. Huhifadhi unyevu, huizuia mizizi ya juu isipate joto kali wala baridi kali, na hulisha udongo yanapooza. Yasigusane na shina. Paachwe nafasi ya kiganja kimoja wazi pande zote. Matandazo pia huondoa haja ya kukata nyasi karibu na mti, na hivyo huliepusha shina na mashine ya kukatia nyasi, ambayo kwa dakika moja inaweza kuchuna gome jembamba la mepo na kukata njia zake za chakula.

Mbolea huhitajika kidogo. Penye udongo mzuri, mboji ya kila mwaka inatosha. Mti unaokua polepole kupita kawaida unaweza kupewa mbolea inayoyeyuka taratibu, isiyo na naitrojeni nyingi, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Naitrojeni nyingi hutoa matawi marefu, membamba na laini yanayovunja umbo la mti na kuwavuta vidukari. Baada ya katikati ya majira ya joto mbolea isitiwe kabisa, maana machipukizi ya mwisho wa mwaka hukutwa na jalidi kabla hayajakomaa.

Mepo ya kwenye chungu

Kwa kuwa mizizi yake ni myembamba na haiendi chini, mepo huishi vizuri kwenye chungu kwa miaka mingi, hasa zile aina ndogo kama 'Shishigashira' au zenye majani yaliyochanika. Chungu kiwe na matundu ya kutosha na kipana kuliko kirefu. Udongo wake unapaswa kupitisha maji kuliko wa bustanini. Mchanganyiko wa magome laini, mboji na mchanga mkubwa au changarawe ndogo hufanya kazi nzuri.

Siku za joto chungu huhitaji maji kila siku, wakati mwingine mara mbili. Chokaa au chumvi nyingi ya maji ya bomba hujilimbikiza kwenye udongo na kuunguza ncha za majani; maji ya mvua ni bora. Kila baada ya miaka mitatu hivi, mwishoni mwa majira ya baridi kabla vichipukizi havijafumuka, mti hutolewa, theluthi ya nje ya mizizi hukatwa, na udongo mpya huwekwa. Mti uliokatwa mizizi hivyo hubaki mdogo na hauna haja ya kubadilishiwa chungu.

Hatari kubwa ni majira ya baridi. Mizizi haina ustahimilivu wa matawi: wakati tawi huvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri, mizizi huanza kufa baridi inapofika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Ardhini udongo huikinga, lakini chungu hupigwa na baridi kutoka kila upande. Penye baridi kali, chungu huhamishiwa banda lisilo na moto wa kupasha, au huzikwa ardhini mpaka ukingoni. Kuuingiza mti sebuleni kwenye joto ni kosa, kwa sababu huuamsha kabla ya wakati wake.

Kupogoa

Umbo la mepo ni nusu ya uzuri wake, na hujionyesha zaidi majani yakiisha kuanguka. Udongo uwahi ungali maji: kasoro zinazoondolewa kwenye mti wa miaka mitano kwa mkasi mdogo zitahitaji msumeno kwenye mti wa miaka ishirini, na jeraha la msumeno haliponi upesi.

Wakati wa kupogoa ni ama katikati ya majira ya baridi, mti ukiwa usingizini, ama katikati ya majira ya joto, majani yakiwa yamekomaa. Mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa kuchipua si wakati mzuri, kwani utomvu umeanza kupanda na hutiririka kwenye kila jeraha.

Kazi huanza kwa matawi yaliyokufa. Hufuata yanayosuguana, kisha yanayorudi ndani kuelekea shina, kisha yanayoshuka na kuyalalia mengine. Kila baada ya matawi mawili au matatu, mkataji hurudi nyuma na kuutazama mti mzima. Kwa mwaka mmoja isiondolewe zaidi ya robo ya matawi yenye majani, maana gome lililozoea kivuli likifunuliwa ghafla huungua na kupasuka.

Namna ya kukata ni muhimu kama mahali pa kukata. Panapokutana tawi na shina pana uvimbe mdogo kama pete, na humo ndimo mti hutengeneza gome jipya la kufunika jeraha. Mkasi hupita nje kidogo ya pete hiyo. Ukikata ndani yake, kidonda huwa kikubwa na hakifungi. Ukiacha kisiki kirefu, hukauka na kuoza kuelekea ndani. Tawi dogo hukatwa juu kidogo ya jozi ya macho. Macho hayo yatatoa matawi mawili yanayoelekeana, na baadaye moja lisilohitajika huondolewa. Kukatakata kingo za mti wote ili uwe mviringo kama ua wa kichaka huzaa msitu wa vijiti na kuharibu umbo kwa miaka mingi. Dawa ya kupaka kwenye majeraha haihitajiki.

Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha kubebesha ni ya mti wa shina, si ya aina iliyonunuliwa. Huwa yenye nguvu na ya kijani, na yakiachwa hulishinda tawi la juu mpaka mti ukabadilika kabisa. Yang'olewe yangali machanga.

Kuzalisha miche

Mbegu hukusanywa mabawa yanapoanza kugeuka kahawia na kupandwa mara moja nje, zisubiri baridi. Zikikaushwa, ganda lake huwa gumu na huenda zisiote mpaka mwaka wa pili. Mbegu kavu huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa siku moja au mbili, huchanganywa na mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko, na kuwekwa kwenye friji kwa siku 90 hadi 120, kwenye joto la nyuzi 1 hadi 5. Miche ya mbegu haifanani na mama yake. Kati ya miche ya 'Bloodgood' kutakuwa na ya kijani, ya zambarau na ya rangi za katikati, na hakuna iliyo na haki ya kuitwa 'Bloodgood'.

Ili kupata aina ileile, wenye vitalu hubebesha. Mche wa shina huwa na umri wa miaka miwili na unene wa penseli. Mwezi wa Januari huingizwa kwenye banda la joto mpaka ncha nyeupe za mizizi zionekane. Kikonyo cha kubebesha, kipande cha tawi la mwaka uliopita chenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, hukatwa kwenye mti ambao bado umelala. Kwa kisu kikali sana, mpasuo wa sentimita 2 hadi 3 hukatwa ubavuni mwa shina, karibu na udongo, bila kuondoa kilele chake. Mwisho wa kikonyo huchongwa uwe kabari yenye urefu huohuo na kuingizwa kwenye mpasuo. Jambo la kuangalia ni ule utando mwembamba wa kijani kati ya gome na mti, kwa kuwa humo ndimo seli mpya hutokea. Kama kikonyo ni chembamba kuliko shina, utando wake ulingane na wa shina kwa upande mmoja. Kikiwekwa katikati hakigusi popote na hufa. Kiungo hufungwa kwa utepe wa mpira, na mche hufunikwa kwa plastiki ili hewa yake iwe na unyevu. Baada ya wiki nne hadi sita macho hufumuka. Kuanzia hapo kilele cha mti wa shina hupunguzwa hatua kwa hatua mpaka kikonyo kibaki peke yake.

Vipandikizi vya matawi machanga vilivyochukuliwa mwezi wa Juni vinaweza kutoa mizizi, lakini vingi hufa katika baridi ya kwanza vikihamishwa mapema. Visiguswe mpaka vichipue tena mwaka unaofuata.

Magonjwa na wadudu

Vidukari hujikusanya kwenye machipukizi ya majira ya kuchipua na kuacha umajimaji wenye sukari ambao baadaye huota ukungu mweusi. Mkondo wa maji ya bomba la mpira huwaangusha, na wadudu wanaowala humaliza kazi hiyo. Wadudu gamba hushikamana na matawi na huondolewa kwa brashi wakati wa baridi.

Kwenye vyungu, adui ni fukusi mweusi. Mkubwa hula kingo za majani usiku na kuacha alama za nusu duara. Buu wake mweupe hula mizizi chini, na mti hunyauka ghafla. Nematodi, yaani minyoo midogo sana inayouzwa kwa kazi hiyo, humwagiliwa kwenye udongo mwishoni mwa majira ya joto na huwaua mabuu.

Katika majira ya kuchipua yenye baridi na mvua, ncha za matawi machanga zinaweza kuwa nyeusi kwa sababu ya bakteria Pseudomonas syringae. Hukatwa hali ya hewa inapokuwa kavu, chini ya sehemu iliyoathirika, na mkasi husafishwa kwa spiriti baada ya kila tawi. Kuoza kwa mizizi kunakoletwa na Phytophthora hutokea kwenye maji yanayotuama, na kinga yake ni mifereji mizuri.

Mbawakawa wa pembe ndefu wa Asia, hasa Anoplophora chinensis, ni hatari ya namna nyingine. Mabuu yake hutoboa shina na mizizi kwa mwaka mmoja au miwili bila kuonekana, na mepo ndogo za chungu zimekuwa mojawapo ya njia zake za kusafiria. Mwaka 2001 mbawakawa hao walitoroka kwenye kitalu huko Tukwila, jimbo la Washington, kutoka kwenye mepo za bonsai zilizoletwa kutoka Korea, na miti mingi ya jirani ikakatwa ili kuwadhibiti. Tangu mwaka 2000 wamekuwa tatizo pia katika Lombardia, Italia. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya na Marekani zimeweka masharti makali juu ya kuingiza mepo kutoka Asia ya Mashariki. Anayenunua anapaswa kununua kwenye kitalu kinachotambuliwa, na anayesafiri asibebe mche kwenye mzigo wake.

Ugonjwa mbaya kuliko yote ni mnyauko wa Verticillium. Kuvu yake hukaa ardhini, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji. Tawi moja hunyauka katikati ya majira ya joto huku mengine yakiwa salama, na mwaka unaofuata hufuata jingine. Ili kuhakikisha, tawi lililonyauka hukatwa na gome lake kuchunwa: mistari ya kijani iliyokolea au kahawia kwenye mti wa ndani ni dalili ya kuvu hii. Haina dawa. Mti uliopatwa kidogo unaweza kuishi miaka kadhaa ukipewa maji ya kutosha na kukatwa matawi yaliyokufa, na baadhi hufunga tabaka jipya la mti safi juu ya lililoathirika. Ukifa, mepo nyingine isipandwe palepale, kwa kuwa kuvu huweza kudumu ardhini zaidi ya miaka kumi. Misonobari na jamaa zake haishambuliwi na kuvu hii, na ndiyo inayofaa kushika nafasi hiyo.